Ukuta Umesimama, Watu Wanaondoka: Hotuba ya Kuipinga Hoja Kwamba New Orleans Imepona

Mheshimiwa Mwenyekiti, waamuzi wetu, wazee mliokaa mbele, mama zetu, na nyinyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Ndugu yangu mtoa hoja, anayedai kwamba mji wa New Orleans kule Louisiana umepona, amesema vizuri na makofi aliyopigiwa ni haki yake. Ametukumbusha jinsi uwanja wa Superdome, ule ule ambao watu walikaa gizani bila maji wala vyoo, ulivyofunguliwa tena tarehe 25 Septemba 2006. Ametukumbusha Saints, timu ya mji ya mpira wa Kimarekani, walivyotwaa ubingwa wa Super Bowl Februari 2010, mji mzima ukaingia barabarani. Ametutajia mabilioni ya dola yaliyojenga kuta mpya za kuzuia maji. Mambo hayo yote ni kweli, sitapoteza dakika zangu kuyabishia. Ugomvi wangu naye uko kwenye siku aliyoanza kuhesabu.

Yeye ameanzia tarehe 29 Agosti 2005, siku kimbunga Katrina kilipopiga. Sasa, ukianza kuhesabu siku ambayo asilimia 80 ya mji iko chini ya maji, chochote utakachokiona kesho yake kitakuwa maendeleo. Duka moja likifungua mlango, maendeleo. Taa moja ikiwaka, maendeleo. Julai 2006 mji ule ulikadiriwa kuwa na watu kama 230,000. Leo wako kama 360,000. Chora mstari kutoka namba ya kwanza hadi ya pili, unapanda, na sote twende nyumbani tukalale. Mimi naomba mstari uanzie nyuma zaidi.

Sensa ya mwaka 1960 ilihesabu watu 627,525 ndani ya New Orleans. Hesabu hiyo haijafikiwa tena hadi leo. Sensa ya mwaka 2000, miaka mitano kabla ya Katrina, ilikuta watu 484,674. Toa mwenyewe: zaidi ya watu 140,000 walikuwa wameshapungua kabla tuta lolote halijabomoka. Hao hawakufukuzwa na kimbunga. Walifukuzwa na nini?

Tarehe 14 Novemba 1960, mtoto wa miaka sita anaitwa Ruby Bridges aliingia shule ya William Frantz akiwa amezungukwa na maofisa wa serikali kuu, kwa sababu alikuwa mtoto mweusi wa kwanza kusoma pale. Wazazi wazungu wakawatoa watoto wao. Miaka iliyofuata familia nyingi ziliwafuata watoto hao nje ya mji, kwanza wilaya ya Jefferson jirani pale, baadaye ng'ambo ya ziwa Pontchartrain, na kodi zao zikaondoka nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikajengwa barabara ya juu kwenye mtaa wa Claiborne, pale Tremé, kitongoji cha kale cha weusi. Claiborne ndiyo ilikuwa barabara kuu ya biashara za weusi: maduka, ofisi za bima, kumbi, na katikati safu za mialoni mikubwa ambayo familia zilikaa chini yake siku ya Mardi Gras, sherehe kubwa ya mji ule kabla ya Kwaresima. Mialoni ikakatwa, nguzo za zege zikachukua nafasi yake. Siku hizi watu wanapiga tarumbeta chini ya daraja, na watalii wanapiga picha wakidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Halafu ikaja miaka ya 1980, bei ya mafuta ikaporomoka. Maghorofa ya mtaa wa Poydras yaliyokuwa yamejaa kampuni za mafuta yakaanza kubaki matupu. Kampuni nyingine zilikufa, nyingine zilihama. Zilihamia wapi? Mnacheka kwa sababu mnajua. Zilikuja hapa hapa Houston, na baadhi yenu mmo humo mnalipwa mshahara nazo. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi.

Kwa hiyo mji uliokumbwa na Katrina ulikuwa tayari unapoteza watu wake kwa miaka 45. Anayesema umerudi ulipokuwa, amekubali mwenyewe kwamba umerudi kwenye kuporomoka.

Niseme sasa juu ya wale waliokuja huku. Baada ya mafuriko, mabasi yalileta watu kwa maelfu hadi uwanja wa Astrodome hapa Houston, na kutoka pale wengi walipangiwa nyumba katika majengo ya kupanga ya kusini magharibi mwa mji huu. Ni majengo yale yale ambayo wengi wetu, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, tulifikia tulipokuja. Tuliwakuta majirani. Watoto wetu wamesoma na watoto wao. Kila mmoja wetu amewahi kudhani mwanzoni kwamba ni watu wa hapa, mpaka ilipofika Jumatatu na harufu ya maharagwe mekundu na wali, chakula cha Jumatatu cha New Orleans, ikajaa ngazi nzima.

Jirani yangu mmoja, mzee mzaliwa wa Lower Ninth Ward, mtaa wa weusi wa New Orleans, ana kiwanja kule mpaka leo. Kitupu. Nyumba iliondoka na maji ya ule mfereji wa viwandani ukuta ulipopasuka. Ana bahasha ya kaki anayoihifadhi kwenye droo ya jikoni, ndani mna stakabadhi za kodi ya ardhi na risiti za kijana anayemlipa akate nyasi, maana zikizidi kimo ataandikiwa faini. Miaka yote hii analipia nyasi. Nilimuuliza kwa nini hauzi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hauzi kaburi la mama yake.

Kwa nini hakujenga? Hapa ndipo naomba waamuzi wanisikilize kwa makini, kwa sababu watu husema wale walipewa fedha wakazila. Jimbo la Louisiana lilikuwa na mpango wa kuwalipa wenye nyumba, ukiitwa Road Home, kwa fedha za serikali kuu. Kanuni yake ilikuwa hivi: tazama thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, tazama gharama ya kuitengeneza, mlipe mtu kile kilicho kidogo, mwisho dola 150,000, ukikata alicholipwa na bima.

Tuchukulie nyumba mbili za ukubwa mmoja, maji yameingia kimo kile kile. Fundi anasema kila moja inataka dola 150,000. Moja iko Lakeview, mtaa wa wazungu wengi, thamani yake kabla ya maji ilikuwa 250,000. Mwenyewe anapata 150,000, anaezeka, anapaka rangi, anahamia. Ya pili iko Lower Ninth, thamani yake sokoni ilikuwa 70,000. Mwenyewe anapata 70,000. Themanini elfu zilizobaki atazitoa wapi? Ubao ni ule ule, msumari ni ule ule, fundi haulizi unakaa mtaa gani. Saruji haina bei ya weusi na bei ya wazungu. Nyumba ndiyo ilikuwa na bei ya weusi, na serikali ikaichukua bei hiyo ikaifanya kipimo cha fidia. Mwaka 2008 shirika la kutetea haki za makazi pale mjini, Greater New Orleans Fair Housing Action Center, likaenda mahakamani pamoja na wenye nyumba. Mwaka 2011 wakakubaliana, zikatolewa dola milioni 62 kwa walioathirika. Lakini 2011! Mtoto aliyepakiwa basi akiwa darasa la kwanza alikuwa ameshaingia sekondari hapa Houston.

Kuna waliokosa hata hizo 70,000. Nyinyi mnaojua habari za mirathi mtanielewa haraka. Nyumba ilijengwa na babu, babu akafa, baba akakaa, baba akafa, wajukuu wamo ndani, kodi wanalipa, lakini hati bado ina jina la babu na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani. Katika Lower Ninth nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi mno, kwa sababu watu wa pale walikuwa wenye nyumba wa vizazi kadhaa, siyo wapangaji. Lilikuwa jambo la kujivunia. Siku ya fidia likageuka kitanzi, maana karani anataka hati yenye jina lako.

Na wapangaji? Tarehe 20 Desemba 2007 baraza la mji lilipiga kura, bila hata mmoja kupinga, kubomoa majengo manne makubwa ya nyumba za umma: St. Bernard, Lafitte, C.J. Peete na B.W. Cooper. Nyumba kama 4,500. Nje ya ukumbi polisi walikuwa wakiwapulizia waandamanaji pilipili. Majengo yale yalikuwa ya matofali, imara, na wapo wataalamu waliosema yangekarabatika. Pale pamejengwa nyumba mpya, nzuri, nimeziona, zina varanda na rangi za kupendeza. Ni chache kuliko za zamani, na sehemu tu ya hizo ndiyo ya watu wa kipato kile cha awali. Mtoa hoja akituonyesha picha ya varanda, asisahau kuuliza wale wa zamani walikwenda wapi.

Walimu nao. Baada ya mafuriko wafanyakazi wa shule za umma wapatao 7,500 waliachishwa kazi kwa mkupuo, wengi wao wanawake weusi, watu wa kipato cha kati, wenye mikopo ya nyumba na heshima kanisani. Shule zikakabidhiwa kwa bodi binafsi zinazoendeshwa kwa fedha za umma, hadi mwaka 2019 New Orleans ikawa mji mkubwa wa kwanza Marekani ambao shule zake zote za umma zilikuwa za namna hiyo. Alama za watoto zilipanda, wanaomaliza sekondari wakaongezeka. Hilo nalikubali na silipunguzi. Lakini familia 7,500 zenye mshahara wa uhakika ndizo hufanya mtaa uwe mtaa. Mwaka 2000 mji ulikuwa na weusi zaidi ya 320,000. Sensa ya 2010 ilikuta kama 205,000, na ile ya 2020 ilikuta idadi karibu na hiyo hiyo. Zaidi ya watu laki moja. Kipindi cha kurudi kilikuja, kikapita, na hawakurudi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukuta mpya ni kazi kubwa. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi, ambacho kuta zake za zamani ndizo zilizopasuka 2005, kilirudi na dola bilioni 14 na ushei. Pale ziwa Borgne wameweka kizuizi cha karibu kilomita 3 kukatiza njia ambayo bahari ilipitia. Na ukuta umejaribiwa. Tarehe 29 Agosti 2021, siku ile ile ya Katrina, miaka 16 baadaye, kimbunga Ida kilipiga pwani ya Louisiana kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Ndani ya ukuta maji ya bahari hayakuingia. Angekuwa mwalimu wangu wa mdahalo angeniambia nikae chini hapo hapo.

Sikai. Kwa sababu usiku ule ule umeme ulizimika mji mzima. Njia kuu zote nane za kuuingiza umeme New Orleans zilikatika, mnara mmoja ukaangukia mto Mississippi. Siku zilizofuata joto lilikuwa kali, viyoyozi vimekufa, wazee wako kwenye maghorofa na lifti hazifanyi kazi. Katika mji wa New Orleans joto liliua wengi kuliko maji. Ukuta wa mabilioni ulifanya kazi yake, na watu wakafa vitandani.

Naomba sasa tushuke kwenye pampu, na mtanisamehe wale msiopenda habari za mashine. Mji ule umekaa kama bakuli: kingo zake ni matuta, na karibu nusu ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha, hata mvua ya kawaida isiyo na jina, hakuna pa kutiririkia. Kila tone lazima lisukumwe kwa mashine juu ya ukingo. Mhandisi A. Baldwin Wood alibuni pampu za parafujo kwa kazi hiyo, na za kwanza kubwa zilianza kufanya kazi miaka ya 1910. Baadhi ya pampu zake bado zinafanya kazi hadi leo. Mnasikia? Zimepita vita vikuu viwili na bado zinavuta maji. Kama ufundi, navua kofia.

Lakini pampu hizo za kale zinatumia umeme wa mizunguko 25 kwa sekunde. Gridi ya Marekani ni 60. Kwetu Afrika Mashariki ni 50. Hakuna anayekuuzia umeme wa 25, kwa hiyo idara ya maji ya mji imekuwa ikiuzalisha yenyewe kwa mitambo yake mizee, au kuubadilisha ule wa gridi kwa vifaa ambavyo navyo vina umri wa babu. Tarehe 5 Agosti 2017 ilinyesha mvua kubwa ya mchana, hakuna kimbunga, na mitaa ikajaa maji, magari yakaelea. Wakubwa wakatangaza kwamba pampu zote zilikuwa zinafanya kazi. Siku chache baadaye ikabainika kwamba kadhaa zilikuwa mbovu na umeme wa kuziendesha haukutosha. Wakaanza kujiuzulu. Na kabla wiki haijaisha mtambo mmoja wa kuzalisha umeme ukashika moto, mji ukabaki unaomba mvua isinyeshe. Hii ni miaka 12 baada ya Katrina! Fedha za ukuta zilikuja kutoka Washington na kamera zikaja nazo. Pampu za mvua ni juu ya mji wenyewe, na mji hauna walipa kodi, kwa sababu walipa kodi wako wapi? Nimeshasema walikokwenda.

Na kuna ubaya ndani ya ubaya. Ardhi ile ni udongo wa kinamasi. Ukiukausha kwa pampu unajikunja na kudidimia. Kadiri unavyosukuma maji, ndivyo bakuli linavyozidi kina, ndivyo unavyohitaji pampu zaidi. Hata matuta mapya yanazama. Wenyewe Kikosi cha Wahandisi walisema hivyo mwaka 2019, kwamba yatahitaji kuinuliwa tena.

Lakini kinachowaondoa watu leo wala si pampu. Ni bahasha ya bima. Ukichukua mkopo wa nyumba, benki haikupi bila bima, hilo tunalijua sote tulionunua nyumba hapa Texas. Baada ya vimbunga vya 2020 na 2021, kampuni za bima zisizopungua kumi zilifilisika Louisiana. Nyingine zikaacha kuandika mikataba mipya. Aliyekosa pa kwenda akaangukia shirika la bima la jimbo, Louisiana Citizens, ambalo kwa sheria lilikuwa limewekwa liwe ghali kuliko soko, watu wasilikimbilie. Mwaka 2023 shirika hilo lilipandisha ada zake kwa wastani wa asilimia 63. Kwa mwaka mmoja. Ongeza bima ya mafuriko, ambayo ni mkataba wa pembeni. Mtu anakuwa na nyumba aliyomaliza kuilipia, lakini bima kwa mwezi inazidi mkopo aliokuwa akilipa zamani. Na mshahara? Uchumi wa mji umeegemea wageni: hoteli, migahawa, baa, makongamano. Kima cha chini cha mshahara Louisiana ni dola 7.25 kwa saa, kile cha serikali kuu, kwa kuwa jimbo halijajiwekea chake. Mpishi anayekuandalia chakula kile mlichokisifia mliporudi kutoka fungate hawezi kuilipia bima nyumba ya bibi yake. Anaiuza. Anayeinunua anaigeuza nyumba ya kupangisha wageni kwa usiku. Tremé imejaa visanduku vya funguo vya namba milangoni.

Mtoa hoja pia ametaja zile nyumba za Lower Ninth zilizochorwa na wasanifu mashuhuri, mradi wa Make It Right ulioanzishwa na mwigizaji Brad Pitt mwaka 2007. Nitapita haraka. Zilikusudiwa 150, zikajengwa 109. Baadhi zilikuwa na mapaa bapa yasiyotokeza nje ya ukuta, katika mji wa mvua za namna ile. Fundi yeyote wa Tanga angewaambia. Mbao zikaoza, na mwaka 2018 wakazi wakaenda mahakamani.

Kama kuna mahali nitakubali kwamba New Orleans ilijiinua, ni pale ambapo hakuna aliyetumwa na mtu. Wavietinamu wa New Orleans East ni mfano. Kamati ya meya ya mwaka 2006 ilikuwa na mawazo ya kugeuza baadhi ya mitaa ya chini kuwa bustani na maeneo ya wazi. Wao walikuwa wameshaanza kurudi tangu Oktoba 2005, wakisali katika kanisa la Mary Queen of Vietnam. Padri wao, Vien Nguyen, alikusanya majina ya waumini akayapeleka kwa shirika la umeme kuthibitisha kwamba wateja wapo. Umeme ukarudishwa. Meya alipofungua dampo la vifusi karibu na mtaa wao, waliandamana hadi likafungwa.

Na vile vyama vya weusi, vinaitwa social aid and pleasure clubs, ambavyo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Ni vyama vya kufa na kuzikana. Vilianza zama ambazo mweusi hakuuziwa bima: mnachanga, akiugua mwenzenu mnamtazama, akifa mnamzika na bendi mbele. Zulu, kile cha Mardi Gras kinachogawa nazi zilizopakwa rangi, ni kimojawapo. Baada ya mafuriko wanachama waliotawanyika Houston, Atlanta na Baton Rouge walikuwa wakiendesha magari Jumapili kwenda kuandamana kwenye mitaa isiyo na nyumba, kisha wanarudi kazini Jumatatu. Polisi wakapandisha ada ya vibali vya maandamano hayo. Vyama vikaenda mahakamani, ada ikashushwa. Sasa nauliza, mji unaouza muziki huo kwenye kila bango la uwanja wa ndege, uliwezaje kuanza na kuwapandishia ada?

Najua upande ule utajibu juu ya uhalifu. Ni kweli, 2022 waliuawa watu zaidi ya 260, na 2024 hawakufika 130. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na mama zao wanajua uzito wake kuliko sisi wa mdahalo. Lakini miji mingi ya Marekani ilishuka miaka hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kukupa alama zote. Utajibu pia juu ya meya mpya, Helena Moreno, aliyeshinda uchaguzi Oktoba 2025. Namtakia heri. Alipokuwa hajaapishwa bado, mji ulikuwa unaomba ruhusa ya jimbo ukope fedha za kulipa mishahara.

Mwenyekiti, naona umeinua kengele. Nimalize na swali ambalo mtoa hoja atapata dakika tatu za kulijibu.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 383,997 New Orleans. Mnaona, mstari wake ulikuwa kweli unapanda. Makadirio ya 2024 yako kama 360,000. Katika miaka hiyo minne hakuna tuta lililopasuka. Shule ziko wazi, Superdome imekarabatiwa, ukuta umesimama imara kuliko wakati wowote katika historia ya mji ule. Na watu zaidi ya 20,000 wamefunga mizigo wenyewe, wamewasha gari, wamechukua barabara ya I-10 kuelekea magharibi. Baadhi yao wameegesha magari nje ya ukumbi huu jioni hii.

Ndugu mtoa hoja, waulize hao kwanza. Waulize walilipa bima kiasi gani mwaka wa mwisho. Kisha njoo usimame hapa utueleze.

Ahsante, Mwenyekiti.